Sura ya 6: Hakuna Kuagana na Daktari wa Meno

Mwezi wa saba, Lukozi, katika milima ya Usambara, hukawia kupambazuka. Ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na kabichi, na watu wa gulio, waliofika tangu alfajiri, hupanga mizigo yao wakiwa wamejitanda makoti na mitandio hadi masikioni. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimkuta bibi muuza karoti akimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Hakuwa akitengeneza chai. Ndani ya kikombe cha plastiki kilichokuwa mbele yake yalikuwamo meno yake ya juu, seti nzima, yakifuka mvuke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu karoti. Ngoja kwanza nivae meno nikusemeshe vizuri."

Nilimwuliza huwa anayatunzaje, naye hakunificha. Usiku analala nayo, kwa sababu akiyavua mashavu yanaingia ndani na anajiona kama mtu aliyevuliwa nguo. Asubuhi anayamwagia maji ya moto, anayasugua kwa sabuni ya unga, na yakizidi kutoa harufu anachukua jivu la jikoni. Akaniambia pia kwamba siku hizi chai inamchoma kaakaa, pembe za midomo zinampasuka, na meno yenyewe yanacheza akitafuna hindi la kuchoma.

"Na daktari anasemaje?"

"Daktari yupi tena? Alinivalisha, akanipa kioo nijitazame, nikamshukuru, tukaagana. Mwaka wa tisa huu."

Sura hii inahusu neno hilo la mwisho: tukaagana. Watu wengi wanaamini kwamba siku ya kuvishwa meno bandia ndiyo siku ya mwisho ya kuonana na daktari wa meno. Hoja yao inaeleweka. Kwa miaka mingi wamemjua daktari huyo kama mtu wa kung'oa, na asiyebaki na jino la kung'olewa anaona hana tena shida naye. Lakini meno bandia, ingawa hayaozi, yamekaa ndani ya kinywa kilekile chenye mate, nyama, mfupa na vijidudu. Yanachafuka kwa namna ambayo mswaki wa nyumbani hauwezi kuimaliza. Kwa hiyo hayana budi kurudi kliniki, angalau mara moja kila mwaka, yeye mwenyewe mvaaji akiwa amefuatana nayo.

Kutoka jino la kiboko hadi akriliki

Tatizo la meno bandia machafu lina umri sawa na meno bandia yenyewe. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kuzaliwa. Meno aliyovaa yalichongwa kwa pembe ya kiboko, mnyama wa asili ya Afrika, yakaunganishwa na metali na meno ya watu. Mwishoni mwa mwaka 1798 Washington aliyapeleka meno yake kwa daktari wake, John Greenwood, aliyekuwa New York. Greenwood aliyakuta yamekuwa meusi. Akamwandikia kwamba mvinyo ndio uliofanya kazi hiyo, kwa kuwa ukali wake unaondoa mng'aro, na mng'aro ukishaondoka uchafu unapata pa kushika. Akamshauri ayavue baada ya mlo, ayaweke kwenye maji safi, au ayasugue kwa brashi na unga wa chaki uliosagwa laini.

Barua hiyo ina zaidi ya miaka 200, na kiini chake hakijapitwa na wakati. Sehemu iliyong'arishwa haishiki uchafu kirahisi, iliyokwaruzwa inaushika. Kila kitu utakachokiona kliniki kinazunguka kanuni hiyo.

Baada ya pembe ya kiboko ilikuja mipira iliyopikwa kwa salfa hadi ikawa migumu. Ilidumu tangu katikati ya karne ya 19 mpaka karne ya 20. Kisha mwaka 1937 Walter Wright wa Marekani akaonyesha kwamba akriliki, plastiki ngumu inayoweza kutiwa rangi ya waridi kama fizi, inafaa kuliko vyote vilivyotangulia. Mpaka leo sehemu kubwa ya meno bandia ya kuvaa na kuvua yanayotengenezwa Tanzania ni ya akriliki.

Akriliki ni nyepesi, haigharimu sana na ikivunjika inaungika. Ina udhaifu wa aina tatu ambao mvaaji anapaswa kuujua. Kwanza, ni laini kuliko jino la kuzaliwa, hivyo jivu, mchanga, mkaa na hata baadhi ya dawa za meno za kawaida huikwaruza. Pili, ikiloweshwa kwenye maji yanayochemka hupinda, na ikipinda hata kidogo haikai tena kama ilivyopimwa. Bibi wa karoti alidhani meno yake yanacheza kwa sababu ya uzee. Miaka tisa ya maji ya moto katika baridi ya Lukozi inatosha kuwa sababu mojawapo. Tatu, akriliki ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hasa upande wa ndani unaokaa juu ya fizi, kwa kuwa upande huo haung'arishwi: ukiung'arisha unabadilisha umbo lake na meno hayashiki tena.

Ukoga, ugaga na fangasi

Dakika chache baada ya kuvaa meno safi, mate huanza kuyafunika kwa utando mwembamba wa protini. Bakteria hutua juu ya utando huo, huzaliana na kujijengea makazi ya utelezi. Huo ndio ukoga. Ukipitisha kidole juu ya meno bandia yaliyolala bila kusafishwa unausikia: ni ile hali ya kuteleza kama jiwe la mtoni. Ukoga ungali laini huondoka kwa mswaki na maji ya uvuguvugu. Uzuri huo hauna siku nyingi.

Mate yana madini ya chokaa. Ukoga usipoondolewa, madini hayo huingia ndani yake na kuugandisha hadi uwe ugaga, mgumu na wa rangi ya njano au kahawia. Ugaga haukai ovyo. Tafuta upande wa shavu wa magego ya juu, au upande wa ulimi wa meno ya mbele ya chini. Hapo ndipo inapotokea mifereji mikubwa ya mate, na ndipo ugaga hujenga kwanza, katika meno bandia sawasawa na meno ya kuzaliwa. Mtu akijaribu kuubandua kwa kisu au pini, anaacha michirizi ambayo ukoga wa kesho utaifanya kiota.

Juu ya hayo inakuja rangi ya chai. Usambara ni nchi ya chai, na mtu anayekunywa vikombe vitatu kabla ya saa nne asubuhi ataiona rangi hiyo kati ya meno yake bandia, hata kama anasugua kila siku. Ugoro na sigara huacha alama nyeusi zaidi.

Kisha kuna fangasi. Aina iitwayo Candida albicans huishi kwa amani katika vinywa vya watu wengi wazima. Ikipata akriliki yenye vitundu, giza, unyevu na joto la mwili usiku kucha, huongezeka. Nyama ya kaakaa iliyo chini ya meno bandia hugeuka nyekundu, mara nyingi kwa umbo lilelile la kitako cha meno, kana kwamba imepigwa muhuri. Wengine hawasikii maumivu yoyote. Wengine huchomwa na chai na pilipili. Pembe za midomo zinaweza kupasuka na kukataa kupona. Tatizo hili limeenea mno miongoni mwa wavaaji wa meno bandia, hasa wanaolala nayo, wenye kisukari, na wale ambao kinga ya mwili imepungua. Dawa ya fangasi, kama vile nistatini, hutibu nyama ya kinywa. Lakini kama meno yenyewe hayakusafishwa, mgonjwa anayarudisha maradhi kinywani kwa mkono wake kila asubuhi.

Mezani kwa tabibu

Bibi alikubali kwenda mjini Lushoto wiki iliyofuata, akifuatana na mjukuu wake, nami nikaungana nao. Ukitoka Lukozi gari hupita kandokando ya msitu wa Magamba kabla ya kuteremka mjini. Njiani alikuwa na wasiwasi mmoja tu: kwamba ataambiwa avue meno mbele ya watu. Haikuwa hivyo. Tabibu wa meno, binti wa makamo ya wajukuu zake, alimsalimu, akafunga mlango, akamkabidhi karatasi laini ya kufunika mdomo, ndipo akamwomba avue.

Nimeona kazi hii ikifanywa katika kliniki kadhaa. Mpangilio hutofautiana kidogo, lakini hatua zake ni hizi.

Kwanza ni kinywa, kabla ya meno. Tabibu huvaa glovu, humulika kaakaa, fizi, ulimi chini na juu, ndani ya mashavu. Huyatazama meno yakiwa mdomoni ili kujua kama yanakaa sawa, kisha huyapokea na kuyatazama yakiwa mkononi: kuna ufa, pembe iliyovunjika, kulabu iliyolegea?

Pili, anayasuuza kwa maji ya bomba na kuyaweka kwenye chombo au mfuko wenye jina la mwenyewe. Jambo hili dogo ni la heshima na la usalama. Kliniki inaweza kuwa na seti nne mezani kwa wakati mmoja, na meno ya mtu hayapaswi kupakana na ya mwingine wala kuchanganywa.

Tatu, kliniki nyingine hutumia rangi maalumu inayoshika ukoga peke yake. Meno yaliyoonekana meupe yanageuka mekundu au zambarau palipo na uchafu. Bibi alipoonyeshwa yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikisugua upande wa watu kuona tu." Alisema kweli. Rangi ilikuwa imejaa upande wa ndani, pale ambapo nyama ya kaakaa inagusana na akriliki.

Nne, meno hutumbukizwa kwenye dawa ya kulainisha ugaga na kuondoa rangi. Dawa za kliniki kwa kawaida huwa na asidi dhaifu inayoyeyusha chokaa. Mfuko wenye meno na dawa huwekwa ndani ya mashine ambayo, kwa macho, ni beseni dogo la chuma lenye maji. Hapa ndipo ilipo kazi ambayo mkono hauiwezi.

Chini ya beseni hilo kuna vipande vinavyotetemeka mara 40,000 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia karibu na mitetemo 20,000, ndiyo maana unachosikia ni mvumo mdogo tu. Mitetemo hiyo ikipita kwenye maji inayavuta na kuyabana kwa kasi kubwa, na ndani yake vinazaliwa viputo vidogo mno visivyohesabika. Kila kiputo kikipasuka kinatoa msukumo mdogo wenye nguvu. Wahandisi wa Uingereza walikutana na nguvu hiyo katika miaka ya 1890, walipoona pangaboi za meli zao za kivita zikipoteza nguvu kwa sababu ya viputo vilivyozaliwa na kupasuka ndani ya maji. Kilichokuwa hasara kwa meli ni faida kwa meno bandia: viputo huingia kati ya jino na jino, kwenye mikunjo ya fizi bandia na kwenye mdomo wa kila kitundu, mahali ambapo unywele wa mswaki haufiki, na kuung'oa uchafu bila kukwaruza. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Tano, meno hutolewa, husuuzwa kwa wingi, na husuguliwa kwa brashi ngumu kidogo ya meno bandia. Ugaga uliobaki huondolewa kwa uangalifu kwa kifaa cha mkono, upande wa nje tu. Tabibu mwenye ujuzi hagusi upande wa ndani kwa chuma.

Sita, ikiwa pana mikwaruzo, fundi sanifu wa meno huyang'arisha kwa gurudumu la kitambaa na unga laini wa jiwe la volkano uliolowekwa. Unga huo ni wa mgonjwa mmoja tu na gurudumu huwa limesafishwa, kwa sababu unga uliotumika kwa meno ya watu watano unabeba vijidudu vya watu watano. Upande wa ndani hauguswi na gurudumu. Greenwood angeielewa hatua hii mara moja: unaurudisha mng'aro ili uchafu ukose pa kushika.

Saba, dawa ya kuua vijidudu, kisha kusuuza tena kwa maji mengi, kisha mvaaji anarudishiwa meno yakiwa na unyevu. Bibi alivaa yake, akapitisha ulimi huku na huku. "Yamekuwa membamba," alisema. Hayakuwa yamepungua hata chembe. Alichokisikia ulimi wake ni kutokuwapo kwa ugaga wa miaka tisa.

Yenye chuma yana masharti yake

Si kila seti ni akriliki tupu. Wapo wenye meno machache ya kuzaliwa wanaovaa meno bandia ya sehemu yaliyofungwa kwa fremu au kulabu za chuma, aghalabu mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Hayo hayapaswi kuloweshwa kwenye jiki. Klorini iliyomo huula uso wa chuma, hukifanya cheusi na kukidhoofisha hadi kulabu ikatike. Kwa akriliki tupu jiki iliyochanganywa inafaa, kwa kipimo kilekile ambacho wahudumu wa afya nchini hukijua: jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja, kwa sehemu sita za maji, kwa dakika 10 na si zaidi. Mwongozo wa chama cha mabingwa wa meno bandia cha Marekani wa mwaka 2011 unaweka mpaka huohuo wa dakika 10, kwa kuwa ikizidi hapo akriliki hupauka na kuharibika. Mwongozo huohuo unasema meno bandia yasafishwe na mtaalamu kwa mashine ya mitetemo kila mwaka.

Kwa hiyo, mwambie tabibu mapema kama seti yako ina chuma, hata kama ni kulabu moja iliyojificha nyuma. Naye atachagua dawa nyingine.

Pasipo na mashine

Msomaji wa Lukozi, wa Mtae au wa Mlalo anaweza kusema: hayo ni ya mjini. Ni kweli kwamba si kila kituo cha afya kina beseni la mitetemo, na si kila kituo kina fundi sanifu. Madaktari wa meno walianza kufundishwa nchini, Muhimbili, mwaka 1979 tu, na mpaka leo wengi wao wako mijini. Milimani, anayekupokea mara nyingi ni tabibu wa meno, na kazi yake kubwa ya siku ni kung'oa.

Lakini mashine si kazi yote. Tabibu mwenye glovu, taa, brashi, dawa ya kulowekea na dakika 20 anaweza kufanya sehemu kubwa ya niliyoyaeleza. Anaweza kuona ugaga usiouona, kuulainisha na kuuondoa bila kukwaruza. Anaweza kuua fangasi waliomo kwenye akriliki na kukuandikia dawa ya kinywa kwa wakati mmoja. Anaweza kukwambia kama seti yako imefikia hatua ya kupelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tanga. Kabla ya kusafiri, piga simu au mtume mtu aulize kitengo cha meno kinafanya kazi siku gani. Nauli ya safari moja ya bure inauma kuliko jino.

Anachokitazama ukiwa umevua

Nimesema mvaaji afuatane na meno yake. Wapo wanaomtuma mjukuu mjini na meno ndani ya mfuko wa plastiki, wao wakibaki shambani. Meno yatarudi safi, lakini nusu ya kazi itakuwa haikufanyika.

Jino likishang'olewa, mfupa wa taya ulioshika mizizi yake huanza kupungua, kwa kasi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Akriliki haipungui nao. Ndiyo maana seti iliyokaa vizuri mwaka wa kwanza huanza kucheza baadaye, ikasugua nyama na kuleta kidonda. Daktari anaweza kuongeza tabaka jipya upande wa ndani ili likutane tena na fizi, au kukushauri utengeneze seti mpya. Seti nyingi zinahitaji uamuzi wa namna hiyo baada ya miaka mitano hadi saba. Kuongeza unga wa kugandisha kila siku ni kuahirisha, na kujiungia mwenyewe seti iliyovunjika kwa gundi ya dukani ni kuharibu kitu ambacho fundi angekiunga vizuri.

Jambo zito zaidi ni saratani ya kinywa. Kidonda au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili linahitaji kuonwa na daktari, hasa kwa mvuta sigara, mtumia ugoro na mnywaji wa pombe. Mtu asiye na meno hana jino linalouma la kumpeleka hospitali, kwa hiyo doa hilo linaweza kukaa chini ya kitako cha meno kwa muda mrefu bila mtu kuliona. Siku ya kusafisha meno ndiyo siku ya kuliona.

Kaakaa la bibi lilikuwa jekundu tangu mbele hadi nyuma. Halikuwa na kidonda. Alipewa dawa ya fangasi, akapangiwa kurudi baada ya wiki mbili, na akaambiwa waziwazi kwamba seti ile imepinda na itabidi ipimwe upya.

Kati ya mwaka na mwaka

Kusafishiwa kliniki mara moja kwa mwaka hakuondoi wajibu wa siku 364 zilizobaki. Haya ndiyo aliyoandikiwa bibi kwenye karatasi, na mjukuu akamsomea mara mbili.

Vua meno kila baada ya mlo uyasuuze. Usiku yasugue kwa brashi laini na sabuni ya maji isiyo na chembechembe, pande zote mbili, ukianzia upande wa ndani. Weka beseni lenye maji, au taulo, chini ya mikono yako, kwa maana seti ikianguka sakafuni kwenye saruji hupasuka. Tumia maji ya baridi au uvuguvugu ambayo kidole kinaweza kukaa ndani yake bila shida. Acha jivu, mkaa, mchanga, sabuni ya unga na stili waya. Ukipata vidonge vya kulowekea meno bandia kwenye duka la dawa, vitumie kwa maelekezo yake na usuuze vizuri kabla ya kuvaa. Haviwekwi mdomoni kamwe. Piga mswaki ulimi, kaakaa na fizi, hata kama huna jino hata moja.

Kisha lala bila meno, na meno yalale ndani ya maji safi, kwa maana akriliki ikikauka hubadilika umbo. Hili ndilo lililomwia bibi gumu kuliko yote, na ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Nchini Japani watafiti waliwafuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na kuendelea kwa muda wa miaka mitatu. Waliolala na meno bandia walipatwa na nimonia mara mbili zaidi ya wale walioyavua, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Haihitaji utaalamu mkubwa kuona njia inayowezekana: mtu aliyelala huvuta mate kidogo kuelekea mapafuni, na mate yaliyopita juu ya ukoga usiku kucha hayaendi peke yake. Katika milima yenye baridi kama ya Usambara, ambako kikohozi cha wazee huchukuliwa kuwa sehemu ya msimu, hili si jambo la kupuuza. Na mwenye jino moja au mawili ya kubandika ana sababu nyingine tena ya kuyavua: kitu kidogo namna hiyo kinaweza kumezwa usingizini.

"Na mashavu yangu?" bibi aliuliza. Tabibu akamjibu kwa upole kwamba usiku mashavu hayamtazami mtu, yanapumzika, na nyama ya kaakaa nayo inahitaji kupumua kama mguu uliovuliwa kiatu.

Alirudi baada ya wiki mbili. Wekundu ulikuwa umepungua sana na pembe za midomo zilikuwa zimefunga. Vipimo vya seti mpya vikachukuliwa. Safari hii tabibu hakumwachia kioo peke yake. Alimpa kadi yenye tarehe ya mwaka unaofuata.

Wewe unayesoma, au unayemsomea mama, baba, bibi au babu yako: muulize leo meno yake bandia yalitazamwa lini mara ya mwisho na mtaalamu. Kama jibu ni siku aliyoyapata, mpangie safari. Mwombe tabibu atazame kinywa kwanza na meno baadaye, mwambie kama seti ina chuma, na usiondoke bila tarehe ya kurudi. Usiku wa leo, kabla ya safari hiyo, mwekee kando ya kitanda bakuli la maji safi ya baridi.